Oili Katika Tumbo la Trekta

Katika kurasa zilizotangulia za kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu, wasomaji wamekwisha kupata habari za mizani, za maghala na za malipo ya wakulima. Sisi tumeombwa tuandike habari za matrekta. Tungeweza kutaja ekari zilizolimwa na kuishia hapo, lakini hesabu hizo zimo katika taarifa za kila mwaka, na mwanachama yeyote aweza kuzisoma. Tumeona ni afadhali kuandika juu ya kitu ambacho wanachama hawakioni, ilhali ndicho kiamuacho kama plau itanyanyuka ama haitanyanyuka. Kitu hicho ni oili ya haidroli, iliyomo gizani katika tumbo la trekta pamoja na meno ya gia.

Jambo lenyewe lina haraka yake. Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataulizwa kama matrekta yetu 3 ya zamani, yaani mawili ya namna ya Massey Ferguson 135 na moja la namna ya 35, yauzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu au yabaki kazini. Wenye shauri la kuuza wana hoja nzito: injini zaunguruma vizuri, matairi yapo, lakini plau hainyanyuki upesi, na ikinyanyuka haikai. Husemwa kwamba mzee amechoka. Sisi twaona kuwa kabla ya kumhukumu mzee huyo yafaa tujue amechoka kitu gani, na ili tujue hayo hatuna budi kurudi nyuma miaka zaidi ya 100.

Alikuwapo huko Ireland mtu aitwaye Harry Ferguson, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1884 karibu na Dromore katika County Down. Hakupenda kazi ya shamba. Alikimbilia magari na ndege, akafungua gereji mjini Belfast. Ulipokuja Vita Kuu vya Kwanza na njaa ikaikaribia Uingereza, serikali ilimtaka mwaka 1917 azunguke mashambani kuangalia jinsi matrekta yalivyotumiwa. Akaenda na fundi wake, William Sands. Walichokiona hakikuwapendeza. Plau za siku zile zilikokotwa kwa mnyororo nyuma ya trekta, kama vile plau ya ng'ombe. Basi plau ilipokwama kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka juu, na mara nyingine trekta likapinduka na kumlalia dereva wake. Watu wengi walikufa kwa namna hiyo.

Ferguson na Sands walifanya kazi miaka mingi juu ya neno moja tu: plau na trekta viwe kitu kimoja. Plau ishikwe kwa mikono 3, miwili chini na mmoja juu. Plau ikizuiwa ardhini, mkono wa juu usukumwe mbele, na msukumo huo uikandamize pua ya trekta chini badala ya kuiacha iinuke. Halafu msukumo uleule uiambie pampu ya oili kwamba udongo umekuwa mgumu, nayo iinyanyue plau kidogo. Udongo ukilainika, plau ishuke tena. Hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1926. Mwaka 1933 walikuwa na trekta lao la kwanza, lililopakwa rangi nyeusi, ambalo sasa limehifadhiwa katika Science Museum mjini London. Mwaka 1936 kampuni ya David Brown ilianza kuwatengenezea matrekta ya kuuza. Hayo yalikuwa na kasoro moja ambayo dereva wa leo angeicheka: pampu yake ilifanya kazi wakati trekta likienda tu. Likisimama, plau haikuweza kunyanyuliwa.

Mwaka 1938 Ferguson alisafirisha trekta lake hadi Marekani, akalionyesha kwa Henry Ford kule Dearborn. Wazee hao wawili wakaagana kwa kupeana mkono, bila kuandikiana karatasi yoyote. Kuanzia mwaka 1939 Ford akatengeneza trekta la 9N lenye mtambo wa Ferguson. Mapatano ya kupeana mkono yalidumu hadi mwenye mkono mmoja alipofariki. Henry Ford alikufa mwaka 1947, mjukuu wake akayaacha mapatano yale, akatoa trekta jipya la 8N lenye haidroli ileile. Ferguson akaenda mahakamani. Kesi ilikwisha mwezi Aprili 1952, akalipwa dola milioni 9.25. Msomaji aweza kuuliza habari hizi za matajiri zatuhusu nini. Zatuhusu kwa sababu moja ya haki zilizoshindaniwa katika kesi ile ilikuwa mahali valvu inapokaa. Katika mtambo wa Ferguson, valvu haikai mbele ya pampu kuizuia oili iliyokwisha kusukumwa; hukaa nyuma, mlangoni mwa pampu, pale oili inapovutwa kuingia. Valvu ikifungwa, pampu huzunguka bure bila kubeba kitu. Ikifunguliwa, hunywa na kusukuma. Kwa mapatano yale, Ford aliahidi kuacha kutengeneza pampu za namna hiyo ifikapo mwisho wa 1952. Tutaona baadaye kwamba mlango huo wa kuvutia ndio chanzo cha malalamiko yetu ya leo.

Ferguson mwenyewe hakungoja kesi iishe. Tangu mwaka 1946 matrekta yake madogo ya rangi ya kijivu, TE20, yalikuwa yakitoka katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kilichoendeshwa na kampuni ya Standard. Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000. Matrekta 3 ya aina hiyo, yakiwa yamefungwa minyororo magurudumuni, yalimfikisha Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958; haidhuru barafu haikuwa na haja ya plau. Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Trekta la 35 likafuata, na mwaka 1965 likaja 135, ambalo wakulima wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sura yake. Ferguson hakuliona. Alifariki mwaka 1960.

Katika nchi yetu mashine za kulimia zilitangulia na sifa mbaya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga pale Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yalinunuliwa kutoka mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Wenyeji wa Ugogo walikuwa wakijua udongo wao: wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali la kuchoma, na mchanga wake hula chuma. Sehemu kubwa ya mashine zililala karakana katika mwaka wa kwanza tu. Vipuri havikutosha, mafundi hawakutosha, na vumbi liliingia kila palipokuwa na tundu. Mwezi Januari 1951 mpango uliachwa, na fedha za Waingereza zilizopotea zilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Vyama vya ushirika navyo vilionja uchungu huo katika miaka ya 1960, pale shirikisho la vyama vya pamba la Victoria lilipolima mashamba ya pamoja Usukumani kwa matrekta na kuishia katika madeni. Wengi wametoa humo fundisho kwamba trekta halifai kwa Mwafrika. Sisi hatukubali. Twaamini kwamba trekta halifai kwa yeyote anayelinunua bila kununua pia chujio, oili safi na muda wa fundi.

Sasa tuingie tumboni. Katika 35 na 135, kama ilivyokuwa katika TE20, hakuna tangi la peke yake la oili ya haidroli. Oili inayolainisha gia na difu ndiyo hiyohiyo inayonyanyua plau. Ni kama lita 27 hadi 30, yaani debe moja na nusu kwa kipimo chetu cha nyumbani. Pampu yenye pistoni 4 imezama ndani yake, ikizungushwa na shafti ya kuendeshea mashine za nyuma. Ulikuwa ubunifu wa kupunguza gharama, nao ulifaulu; lakini maana yake ni kwamba kila chembe ya chuma inayolika kutoka katika jino la gia huanguka katika maji yaleyale ambayo pampu inakunywa. Dereva anayekwangua gia asubuhi anaandaa ugonjwa wa plau ya jioni, ingawa haoni uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Kulinda pampu, waliweka chujio la wavu wa waya mlangoni mwake. Si chujio la karatasi la kutupwa, bali ni la kuoshwa na kurudishwa. Wavu huo huzuia uchafu ambao jicho laweza kuuona: vipande vya gasketi, nyuzi za tambara, magamba ya chuma. Vumbi laini lapita. Likipita hufika kwenye valvu, ambayo hucheza katika nafasi nyembamba kuliko unywele wa mtu, na kuikwaruza. Valvu iliyokwaruzwa haizibi tena sawasawa, na hapo ndipo plau inaponyanyuka kisha ikateremka polepole yenyewe, ama ikatetemeka juu na chini kama mtu mwenye homa. Mpira wa pistoni kubwa ya kunyanyulia ukilika huleta dalili karibu zilezile. Kwa hiyo fundi mwenye busara hakimbilii kununua pampu mpya.

Kuna ugonjwa wa pili ambao ni tofauti, nao ndio tulioukuta katika matrekta yetu mawili. Plau hunyanyuka kwa uzito, pampu ikilia kwa sauti nyembamba, na oili ikipimwa huonekana ina povu. Hapo kosa haliko katika nguvu ya kusukuma. Liko katika kuvuta. Chujio limeziba, pampu inavuta isipate, na katika utupu huo hutokea mapovu ambayo yakipasuka hula uso wa chuma. Tumesema kwamba Ferguson aliweka utawala wote upande wa kuvuta. Ndiyo maana mtambo wake ni mwepesi na wa bei nafuu, na ndiyo maana vilevile haustahimili kuzibwa koo.

Maji ni adui wa tatu. Trekta likilala nje, mvua hupenya kwenye mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia, ikashuka taratibu hadi ndani. Hata lililofunikwa hupata maji kidogo, kwani hewa ya joto ya mchana huacha umande ndani ya chuma kilichopoa usiku. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Tiba ya kwanza haigharimu hata senti: asubuhi, kabla injini haijawashwa, maji yakiwa yametuama chini, fundi hulegeza kizibo cha kumwagia na kukinga kwa kopo. Yakitoka maji matupu kwanza, ndipo oili, ajue pa kuanzia.

Lakini uchafu mwingi zaidi katika matrekta ya ushirika hautoki katika gia wala mawinguni. Unatoka katika tela. Tela la kubinuka hupanda kwa oili ya trekta linaloivuta. Bomba linafungwa, oili ya trekta inaingia katika silinda ya tela, tela linapanda, likishuka oili inarudi. Kesho tela lilelile hufungwa kwenye trekta jingine. Kila mara hubaki oili ya trekta la jana ndani ya silinda, na hiyo huingia katika tumbo la trekta la leo, pamoja na vumbi lililokamatwa kwenye mdomo wa bomba lilipokuwa likiburutwa chini. Mkulima mwenye trekta lake na tela lake ana uchafu wake peke yake. Sisi tunaogawana vyombo twagawana na uchafu pia, na hakuna kitabu cha kiwanda tulichokisoma kilichotungwa kwa kuwafikiria watu wa namna yetu.

Msimu mmoja tela la kukodi la mkandarasi fulani lilifungwa kwa siku 3 kwenye moja ya matrekta yetu ya 135 kwa kusomba mbegu. Wiki ya mvua za kwanza, trekta hilo lilipelekwa kulima. Siku ya pili plau ilikataa kunyanyuka mwisho wa mstari. Wanachama waliokuwa kwenye zamu walingoja. Walio na ng'ombe walirudi kwa ng'ombe wao; wajane wawili na mzee mmoja, ambao hawakuwa na ng'ombe, walipanda kwa jembe la mkono sehemu ndogo tu ya shamba, na pamba yao ilichelewa. Fundi alipofungua alikuta wavu wa chujio umefunikwa na tope jeusi zito na nyuzi za gunia. Hakuna kilichovunjika. Tope lile lilioshwa kwa mafuta ya taa katika muda usiofika nusu saa. Kilichochukua siku 4 ni kutafuta oili ya kujaza, kwa kuwa hapakuwa na akiba.

Kwa ajili hiyo tutaeleza kazi ya kuosha jinsi fundi wetu anavyoifanya, ili wajumbe wajue fedha wanayoidhinisha inakwenda wapi. Trekta huendeshwa kwanza mpaka oili ipate moto, maana oili ya baridi huacha tope chini. Mikono ya kunyanyulia huteremshwa kabisa, ili oili iliyomo silindani nayo irudi. Vizibo vyote vya kumwagia hufunguliwa. Wapo wanaofungua kimoja tu wakaacha oili mbovu kwingine. Nje ya mfuniko wa ubavuni huoshwa kwa brashi kabla ya kufunguliwa, kwani vumbi la nje likiangukia ndani ni afadhali usingefungua. Kisha mfuniko huondolewa, chujio hutolewa kwenye pampu na kuoshwa katika mafuta ya taa, si petroli, halafu hukaushwa kwa upepo. Kamwe halifutwi kwa tambara la pamba. Wavu huangaliwa kwa kuuelekeza kwenye jua: penye tundu, hata dogo kama punje ya ulezi, hutupwa ukanunuliwa mwingine. Vidole vya fundi hupapasa chini ya sanduku kukusanya tope, na tope lile lasomeka. Likiwa kama rangi ya fedha, gia zinalika kwa kawaida. Likiwa na vipande vinavyochoma kidole, kuna beringi inayokufa, na oili mpya haitaiponya. Mwishowe gasketi mpya, oili mpya hadi alama ya kijiti, plau kunyanyuliwa na kushushwa mara kadhaa ili hewa itoke, na kupima tena.

Kuhusu oili yenyewe twasema kwa ukali kidogo. Oili iliyomwagwa kutoka injini, hata ichujwe kwa kitambaa mara 7, ina masizi na asidi ndani yake na haifai kurudishwa katika haidroli. Wauzaji wengine huiuza ikiwa imetiwa rangi. Oili ya kufaa ni ile iliyotengenezwa kwa gia na haidroli za trekta kwa pamoja, na jina la namna yake huandikwa kwenye kopo. Tofauti ya bei ni kubwa, hatukatai. Lakini bei ya valvu na pampu ni kubwa zaidi, na mvua haingoji.

Vipuri bado vyapatikana. Kiwanda cha Banner Lane kilitoa trekta lake la mwisho mwaka 2002, na jina la Massey Ferguson lilinunuliwa mwaka 1994 na kampuni ya AGCO ya Marekani. Hata hivyo India, tangu kampuni ya TAFE ilipoanzishwa mwaka 1960, na Pakistani kwa kampuni ya Millat, zimeendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huohuo. Kwa hiyo wavu wa chujio, mipira ya pistoni na gasketi za mtambo huu zaonekana madukani katika miji mingi ya kwetu. Matrekta mapya mengi yanayoletwa leo yana vichujio vizuri zaidi, vya kufungwa nje na kubadilishwa bila kufungua tumbo, nasi hatuyapingi. Ila chujio la karatasi lisilobadilishwa huziba kama wavu, na kipuri chake mara nyingine hakipatikani ila kwa wakala mmoja.

Hali ya mzee wetu, basi, ni hii. Matrekta mawili yalikuwa na koo lililoziba. Yameoshwa, na tangu hapo yananyanyua. La tatu, lile la 35, valvu yake imekwaruzwa na mpira wa pistoni umelika. Fundi amekwisha kulifungua, na vipuri vyake vimeorodheshwa katika makisio yatakayoletwa mkutanoni. Pamoja na makisio hayo yatakuwapo mapendekezo matatu: madebe 5 ya oili yawekwe ghalani kabla ya mwezi wa Oktoba na yasitumiwe kwa kazi nyingine, kila bomba la tela lifungwe kifuniko kwa cheni, na mdomo wake ufutwe kabla ya kuunganishwa, na tela lolote la kukodi limwagwe oili yake silindani, mbele ya fundi, kabla halijagusa trekta la Chama. Daftari la kuandika tarehe za kuosha limekwisha kutundikwa kwa kamba katika karakana, kando ya mlango, na kurasa zake 3 za kwanza zimejaa.